Ubatili na Ukumbusho: Picha ya Mtu na Vitu Vyake, kutoka Meza ya Mchoraji hadi Msiba wa Kidete

Kidete ni kituo kidogo cha reli wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, mahali ambapo Reli ya Kati, baada ya kuuacha mji wa Kilosa, hufuata bonde la mto na kupanda kuelekea Gulwe na Dodoma. Wajerumani walioanza kuijenga reli hiyo Dar es Salaam mwaka 1905 waliifikisha Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909 na Dodoma mwaka 1910. Basi ni kati ya miaka hiyo miwili ya mwisho ndipo gari moshi la kwanza lilipopita hapo. Tangu siku hizo maisha ya Kidete yamefungamana na mambo mawili, reli na mto. Mto huleta rutuba, na mto huo huo huchukua. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, na wilayani Kilosa maelfu ya watu walipoteza makao yao, wengi wakaishi katika mahema. Nayataja haya mapema kwa sababu picha nitakayoizungumzia ina alama ya maji.

Ilikuwa siku ya maziko ya mama mmoja mzee, mjane wa mfanyakazi wa gengi la reli. Juu ya jeneza iliwekwa picha yake katika fremu, kama ilivyo desturi yetu siku hizi. Ilikuwa picha ya studio, ya rangi nyeusi na nyeupe, aliyopigwa angali kijana. Ameketi wima kitini. Kando yake kuna meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono, na juu ya meza kuna maua ya plastiki, redio na kitabu kilichofungwa ambacho jamaa walisema ni Biblia. Mkono wake wa kushoto umegeuzwa kidogo ili saa ionekane. Nyuma yake ni pazia lililochorwa nguzo na ngazi za jumba ambalo halijapata kuwapo popote katika bonde la Mkondoa. Sehemu ya chini ya picha imeliwa na maji ya mafuriko: viatu vyake havionekani, wala miguu ya meza, hata yaonekana kana kwamba mama yule na vitu vyake vyote vinaelea.

Kabla ya ibada kuanza mjukuu wake, binti aliyetoka Dar es Salaam, aliichukua fremu ile, akaishika kifuani pake, akasimama penye mshumaa na maua ya msibani, akainua simu na kujipiga picha. Mzee wa kanisa aliyekuwa karibu nami alinung'unika. Nami nikamwambia yule binti, mbele ya watu, aiweke simu yake. Na katika mahubiri nikaongeza sentensi moja juu ya ubatili wa kizazi hiki kinachojitazama hata penye jeneza. Binti aliirudisha fremu mahali pake, akatoka nje, wala hakurudi mpaka tulipokwenda makaburini.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nimeitetea heshima ya ibada. Miezi kadhaa baadaye, nikipitia kitabu cha historia ya uchoraji wa Ulaya kwa ajili ya somo la Matengenezo ya Kanisa, nilikuta mchoro wa kijana aliyeketi penye meza iliyojaa maua, mshumaa na fuvu, naye ameshika mkononi picha ya mtu mzee. Nikaufunga ukurasa. Picha ile nilikuwa nimekwisha kuiona Kidete, na nilikuwa nimeikemea.

Wachoraji na neno la Mhubiri

Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuogopa picha, ingawa mara nyingi tunahubiri kana kwamba tunayo. Mwanzoni mwa mwaka 1522, Luther akiwa bado mafichoni Wartburg, Andreas Karlstadt aliandika kudai picha ziondolewe makanisani, na mjini Wittenberg watu wakaanza kuzivunja. Luther alirudi, na kuanzia tarehe 9 Machi mwaka huo akahubiri mahubiri manane mfululizo. Juu ya picha msimamo wake ulikuwa kwamba hazipaswi kuabudiwa, lakini kuwa nazo au kutokuwa nazo ni jambo la uhuru. Kosa limo moyoni kabla halijawa ukutani. Tena yeye mwenyewe alichorwa mara nyingi sana. Karakana ya rafiki yake Lucas Cranach ilitoa sura ya Luther kwa wingi, hata uso wake ukajulikana na watu ambao hawakupata kumsikia akihubiri.

Hapa lugha yetu imetutia katika mtego ambao yafaa tuutambue. Neno sanamu katika Kiswahili cha zamani liliweza kumaanisha kinyago cha kuabudiwa, na pia mfano au picha ya mtu. Watafsiri wa Biblia walilitumia katika amri dhidi ya ibada ya miungu, na tangu hapo neno hilo limebeba harufu ya dhambi hata pale ambapo msemaji anataka tu kutaja mfano wa uso wa mama yake. Neno picha lilipokuja kutoka Kiingereza lilituokoa kidogo, lakini hofu ya kale ingalipo.

Katika karne ya 16 na ya 17 wachoraji wa Ulaya ya kaskazini walikuza namna ya mchoro ambamo vitu vilivyopangwa mezani vilisema neno la mauti. Fuvu lilisema wazi. Mshumaa uliozimika, saa ya mchanga, maua yaliyoanza kunyauka, glasi iliyoanguka, mapovu ya sabuni yanayoelea hewani, vyote vilisema jambo lile lile kwa sauti ya chini. Jina la michoro hiyo lilitokana na neno la Kilatini ambalo Mhubiri hulirudia tangu mwanzo wa kitabu chake, nalo katika Biblia yetu ni ubatili. Kwa hiyo nitaiita michoro ya ubatili.

Namna hiyo iliingia pia katika picha za watu. Mwaka 1533 Hans Holbein aliwachora mjini London Wafaransa wawili, Jean de Dinteville aliyekuwa balozi, na rafiki yake Georges de Selve aliyekuwa askofu. Wamesimama kwa fahari kubwa, na kati yao kuna rafu zenye tufe la dunia, vyombo vya kupimia nyota, na udi, kile chombo cha nyuzi ambacho Waarabu waliwapa Wazungu na ambacho wasikilizaji wa taarabu wanakijua. Uzi mmoja wa udi umekatika. Mbele yake kimefunguliwa kitabu cha nyimbo, nacho si kingine ila kile cha Johann Walter kilichotolewa Wittenberg mara ya kwanza mwaka 1524, na kurasa zinazoonekana zina nyimbo za Luther, mmoja wa kumwomba Roho Mtakatifu na mwingine wa Amri Kumi. Wimbo wa Luther mbele ya askofu wa Kikatoliki! Watu wa historia wamesema mengi juu ya hilo, wengi wakiona humo huzuni ya Kanisa lililogawanyika kama uzi uliokatika. Chini, miguuni pa mabwana wale, kuna umbo refu la ajabu lisiloeleweka. Mtazamaji akisogea pembeni analiona kuwa ni fuvu. Na juu kabisa, pembeni, nusu yake ikiwa imefichwa na pazia, yupo Kristo msalabani.

Lakini mchoro ulionisumbua ni wa David Bailly wa Leiden, nchini Uholanzi, alioutia sahihi mwaka 1651. Bailly alizaliwa mwaka 1584. Basi alikuwa na umri wa miaka 67 hivi, na amebaki na miaka michache tu ya kuishi, maana alifariki mwaka 1657. Kijana anayetutazama katika mchoro huo ana fimbo ya mchoraji mkononi. Mezani yamo mambo yote ya ubatili: fuvu, mshumaa uliozimika, saa ya mchanga, sarafu, lulu, maua, na mapovu ya sabuni juu yake. Karatasi moja inaning'inia ukingoni mwa meza ikiwa na lile neno la Mhubiri. Kijana ameshika picha ndogo ya mtu mzee. Wengi waliouchunguza mchoro huu wanakubaliana kwamba wote wawili ni Bailly. Mzee aliyemo katika picha ndogo ndiye mchoraji kama alivyokuwa siku ile. Kijana aliyeketi kana kwamba yu hai ni mchoraji kama alivyokuwa zamani, ambaye hayupo tena. Aliye hai amefanywa picha, na aliyetoweka amepewa mwili.

Wako wanaosema kwamba michoro hii ilikuwa unafiki: matajiri walinunua kwa bei kubwa picha nzuri inayosema kwamba uzuri na fedha si kitu. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo mimi naona kwa Bailly jambo lingine. Mhubiri anayekemea ubatili kutoka mimbarani hujiweka nje ya kitu anachokikemea; ndivyo nilivyofanya Kidete. Bailly hakujiweka nje. Aliuweka uso wake kati ya sarafu na fuvu, mara mbili, akaliandika neno la hukumu pembeni pake mwenyewe. Hilo ni ungamo.

Meza yavuka bahari

Ufundi wa kupiga picha ulipotangazwa Paris mwaka 1839, watu walianza kujipiga wenyewe karibu mara moja. Robert Cornelius alifanya hivyo Philadelphia mwaka huo huo. Mwaka uliofuata Hippolyte Bayard, Mfaransa aliyeona kwamba ugunduzi wake mwenyewe umepuuzwa, alijipiga picha akijifanya maiti ya mtu aliyekufa maji. Wenye studio nao waliazima kwa wachoraji pazia, nguzo, kiti na meza yenye maua na kitabu. Katika karne ya 19 vitu hivyo vilifika pwani yetu. Mjini Zanzibar walikuwako Wagoa, akina A. C. Gomes na J. P. Fernandes, Dar es Salaam enzi ya Wajerumani alikuwako Walther Dobbertin. Baadaye Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, na N. V. Parekh akafungua yake Mombasa mwaka 1942, ambako wateja walikaa kwa mitindo waliyoiona katika sinema za Kihindi. Kutoka miji ya namna hiyo desturi ya studio ilisambaa bara, na reli ilikuwa njia yake mojawapo.

Katika safari hiyo kitu kimoja kiliachwa njiani, nacho ni fuvu. Saa ilibaki, kitabu kilibaki, maua yalibaki, ila sasa ni ya plastiki ambayo hayanyauki. Badala ya udi uliokatika uzi ikaja redio. Vitu vile vile vilivyosema Leiden kwamba mtu atapita vilisema Morogoro au Tabora kwamba mtu amefika. Ni rahisi kwa mchungaji kuona hapo anguko. Lakini tuangalie ni nani aliyeketi katika kiti kile. Katika mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba mfanyakazi alihesabiwa kwa kipande, siku baada ya siku. Wa gengi la reli naye alijulikana kwa orodha ya mshahara. Mtu wa namna hiyo alipokwenda studio siku ya sikukuu, akalipa fedha yake, akachagua mwenyewe meza iwe na nini na mkono wake ukae vipi, hakuwa akijisifu mbele ya Mungu. Alikuwa akisema mbele ya wanadamu kwamba yeye naye ana uso. Mhubiri alikuwa mfalme, au alizungumza kwa sauti ya mfalme, aliyekwisha kuvipata vyote ndipo akaviita ubatili. Sijui kama tuna haki ya kulisema neno lake kwa mtu ambaye ndiyo kwanza amenunua saa.

Wapo mafundi waliokwenda mbali zaidi katika kumchanganya mtu na vitu. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993, hakusomea kazi hii popote, lakini kwa mkasi, gundi na kuichapa upya picha alitengeneza mambo ambayo watazamaji hawakuyasahau: uso wa mteja ukichomoza katikati ya ua, kana kwamba ua ndilo mwili wake. Kwa Kiswahili cha mapenzi na mashairi ua halihitaji kufafanuliwa. Lakini aliyesoma Isaya 40 au Zaburi ya 103 hawezi kuitazama picha kama hiyo bila kukumbuka kwamba binadamu amefananishwa na ua la kondeni kwa sababu nyingine kabisa, na hilo katika mji wa Waislamu ambako swali la sanamu ni zito kuliko kwetu.

Naye Samuel Fosso, mjini Bangui, alifungua studio yake mwaka 1975 akiwa na miaka 13 tu. Jioni, filamu ilipobaki bila kumalizwa na wateja, alijipiga mwenyewe, akampelekea bibi yake Nigeria picha ili ajue kwamba mjukuu yu hai na mzima. Leo picha hizo zinatundikwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Zilianza kama salamu kwa bibi.

Picha za misioni na picha za wenyewe

Wanafunzi wetu hupenda kuandika historia ya sharika kwa kutumia picha za wamisionari, na ni kweli kwamba hazina hiyo ni kubwa. Watu wa Leipzig walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893 walipiga nyingi, na sehemu kubwa imehifadhiwa na kuwekwa katika intaneti ambako kila mtu aweza kuziona. Lakini tuziangalie kwa makini. Mara nyingi mmisionari ametajwa jina, nao wanaomzunguka wameitwa wanafunzi, au Wakristo, au mwanamke na mtoto. Ndani yake mna vitu pia, jembe, kitabu, shanga, lakini aliyevipanga ni yule mwenye kamera, naye aliwapigia wafadhili wa nyumbani kwake ili waone matunda ya sadaka zao. Simlaumu, ndiyo kazi aliyotumwa.

Mahali kama Kidete hata hizo hapana. Wamisionari wa kwanza waliokaa Ukaguru walikuwa Waanglikana wa CMS, nao walikaa Mamboya tangu karibu mwaka 1880, si katika bonde la reli. Anayetaka kujua jinsi Mkristo wa kawaida wa Kidete alivyoonekana baada ya Uhuru, alivaa nini, alikithamini kitu gani, Biblia aliiweka wapi karibu na redio, hataipata habari hiyo katika maktaba yoyote. Itakuwa ukutani mwa nyumba, juu ya kabati, au katika sanduku chini ya kitanda, na sanduku hilo limekwisha kupitiwa na maji mara moja.

Ndiyo maana nairudia picha ya mama yule kama hati ya historia. Biblia yake imefungwa na iko chini ya mkono wake, redio iko mbali kidogo. Saa inaonekana lakini saa yenyewe haisomeki. Nguzo za pazia zinatoka kwa Holbein na wenzake kwa njia ndefu kupitia Goa na Zanzibar, ingawa mpiga picha hakuwa na haja ya kulijua hilo. Na lile fuvu lililoachwa njiani lilirudi lenyewe, maana maji ya mwaka 2010 yaliifanya kazi ya Mhubiri kuanzia chini ya picha kwenda juu, na siku ya maziko picha ikalazwa juu ya jeneza. Hakuna mchoraji wa Leiden ambaye angeweza kuupanga ubatili kwa ukamilifu zaidi.

Binti na simu

Neno selfi lilitangazwa na wenye kamusi ya Oxford kuwa neno la mwaka 2013. Tofauti yake na studio ni kubwa. Hakuna fundi tena, hakuna pazia, na meza imetoweka; vitu vinavyoonekana nyuma ya mtu mara nyingi havikupangwa na yeyote. Tangu treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 nimewaona abiria wakijipiga picha dirishani huku milima ya Kilosa ikipita nyuma yao, kisha wakaifuta picha na kupiga nyingine kabla ya kufika handaki. Kwa kiasi kikubwa mambo hayo ni mchezo, na sioni sababu ya mchungaji kuyafanya somo.

Lakini yule binti alikuwa ameipanga picha yake. Alichukua fremu, mshumaa na maua, akauweka uso wake kando ya uso wa bibi yake, na uso wa bibi ulikuwa wa msichana wa umri kama wake. Bailly alimshika mzee aliyekuja kuwa. Binti alimshika kijana ambaye bibi yake aliwahi kuwa, na mwenye uso huo alikuwa amelala sandukuni hatua mbili kutoka pale. Kama hilo lilikuwa ubatili, lilikuwa ubatili unaojijua. Alifanya kwa nukta chache jambo ambalo mimi katika mahubiri ya dakika 20 sikulifikia.

Picha za simu hupotea haraka kuliko za studio, tena hazisubiri mafuriko. Hata za Fosso, pamoja na umaarufu wake wote, zilikaribia kupotea: mwezi Februari 2014, wakati wa vita vya Bangui, nyumba yake iliporwa na picha zikatupwa njiani, zikaokotwa na waandishi wa habari waliokuwa wakipita.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena Kidete, na yule binti alikuwako. Nilimwomba radhi. Aliniambia kwamba simu ile imeharibika, lakini picha alikuwa amekwisha kumtumia mjomba wake Tabora siku ile ile, kwa kuwa hakuweza kupata nauli ya kuja kumzika dada yake. Ndiyo sababu aliipiga. Kisha akaishusha fremu ukutani, tukaifungua nyuma. Mhuri wa studio ulikuwa umeyeyuka, hausomeki. Chini yake, kwa wino wa bluu na mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa mtu mzima, palikuwa na jina la mama yule, mwaka 1968, na neno Ukumbusho. Binti akaniomba niishike picha ikiwa imegeuzwa, nisogee mlangoni penye mwanga, akaupiga picha ule mwandiko kwa simu yangu.